Kuunganisha modeli za msanifu na wahandisi katika Revit: mwongozo wa hatua kwa hatua

Jengo la ghorofa huchorwa na watu wasiopungua watatu: msanifu majengo anayepanga vyumba, kuta na milango, mhandisi miundo (ambaye hapa chini namwita injinia) anayeshughulikia nguzo, bimu na slabu, na mhandisi wa huduma anayepitisha maji, umeme na hewa. Katika Revit, programu ya kuchora jengo kama modeli ya kompyuta, kila mmoja hufanya kazi ndani ya faili lake, kisha hulileta faili la mwenzake ndani ya lake kama linki. Faili hilo huwa kama mgeni: linaonekana, linapimika na linaweza kuwekewa lebo, lakini mwenyeji hawezi kulibadilisha chochote. Slabu ya injinia inabaki kuwa ya injinia, na akiisogeza leo, msanifu ataiona imesogea atakapoipakia upya linki hiyo.

Mwongozo huu unafuata utaratibu tunaoutumia ofisini kwetu Dar es Salaam katika miradi ya ghorofa tatu hadi nane, ambamo kila mshauri ana ofisi yake na mafaili husafiri kupitia folda ya pamoja mtandaoni au, intaneti inaposumbua, kwenye flashi. Majina ya vitufe na amri nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa kuwa msomaji atayatafuta kwa majina hayo hayo.

Makubaliano kabla ya kufungua kompyuta

Jambo la kwanza ni toleo la programu. Revit hutoa toleo jipya kila mwaka, na faili lililohifadhiwa katika toleo la 2024 halifunguki katika la 2023, wala hakuna amri ya kulirudisha nyuma. Kinyume chake kinawezekana: unaweza kuunganisha faili la toleo la zamani ndani ya jipya, ila programu italazimika kulipandisha daraja kila linapopakiwa, na kwa modeli kubwa hizo ni dakika nyingi zinazopotea kila asubuhi. Kubalianeni toleo moja, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao cha kwanza, na mtu yeyote asihamie jipya peke yake katikati ya mradi.

La pili ni nani anamiliki nini. Msanifu huchora nguzo mapema kwa sababu anazihitaji ili apange vyumba, na hakuna ubaya. Lakini modeli ya injinia inapofika na nguzo zake, zile za msanifu lazima ziondoke, la sivyo nguzo mbili zitakaa mahali pamoja na mkadiriaji majenzi atahesabu zege mara mbili. Sisi tunagawa hivi: zege lote linalobeba mzigo ni la injinia, kuta za matofali, umaliziaji wa sakafu na dari ni vya msanifu, tundu linalotobolewa kwenye slabu huombwa na mhandisi wa huduma, lakini huchorwa na injinia.

La tatu linaonekana dogo, nalo huharibu kazi kuliko linavyodhaniwa: jina la faili lisibadilike. Watu wengi wamezoea kuandika tarehe kwenye jina, kwa mfano «HOSTELI-MIUNDO-12-Machi», na wiki inayofuata faili linakuja na tarehe nyingine. Linki hutafuta jina lile lile mahali pale pale, kwa hiyo kila jina jipya linamlazimu mwenyeji aielekeze linki upya kwa mkono kupitia «Reload From», na siku moja atasahau. Faili linaloshirikishwa liitwe «HOSTELI-MIUNDO» tangu mwanzo hadi mwisho. Tarehe iwe kwenye folda ya kumbukumbu unamoweka nakala za zamani.

Hatua ya kwanza: kuliweka jengo mahali pake duniani

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu makosa mengi ya linki niliyowahi kuyasahihisha yalizaliwa katika hatua hii. Kila faili la Revit lina nukta tatu zinazochanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni nukta ya asili ya ndani, «Internal Origin», ambayo haisogei kamwe. Ndiyo nukta ambayo programu hutumia kufanya hesabu zake zote. Ya pili ni nukta ya msingi ya mradi, «Project Base Point», ambayo unaweza kuiweka kwenye makutano ya gridi mbili, yaani mistari ya rejea ya kupangia nguzo, ili iwe rejea ya vipimo vya jengo lenyewe. Ya tatu ni nukta ya upimaji, «Survey Point», inayolifunga jengo na koordineti halisi za ardhi.

Mpima ardhi atakuletea mchoro wa kiwanja wenye bikoni zilizopimwa kwa gridi ya UTM, mfumo wa kimataifa wa kutaja mahali kwa mita. Dar es Salaam iko katika zoni 37 Kusini, ambako namba ya mashariki ya eneo la katikati ya jiji ni kama 530,000 na ya kaskazini inazidi 9,240,000, zote zikiwa mita. Hii ina maana kwamba kwenye mchoro huo kiwanja chako kiko zaidi ya kilomita 9,000 kutoka sifuri ya gridi, ilhali Revit inataka kila kinachochorwa kisivuke kilomita 16 kutoka nukta yake ya asili. Ukilazimisha jengo likae kwenye namba hizo, mistari itaanza kuonekana imekatika, mpako wa michoro utavurugika, na vipimo vitapoteza uhakika wake.

Kwa hiyo jengo halipelekwi kwenye koordineti. Koordineti ndizo zinazoletwa kwenye jengo. Msanifu huchora jengo karibu na nukta ya asili, likiwa limenyooka na skrini hata kama kiwanja kimekaa mshazari. Kisha huingiza mchoro wa mpima kwa «Link CAD», akichagua mita kama kipimo cha mchoro badala ya kuiachia programu ikisie, na akiuweka kwa njia ya kitovu kwa kitovu, «Center to Center». Mara unapoonekana, pima umbali kati ya bikoni mbili ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye hati ya upimaji. Ukikuta mita 32.40 kwenye hati na milimita 32.40 kwenye skrini, kipimo kimechaguliwa vibaya. Kirekebishe kabla ya kuendelea.

Baada ya hapo sogeza na uzungushe mchoro wa mpima, si jengo, hadi mipaka ya kiwanja ikae sawasawa na jengo kulingana na umbali wa lazima kutoka mpakani. Usisahau kimo: kama mpima ametoa kimo cha bikoni juu ya usawa wa bahari, mchoro upandishwe au ushushwe ili sakafu ya chini ya jengo isome kimo kilichokubaliwa. Sasa nenda kwenye kichupo cha «Manage», chagua «Coordinates», kisha «Acquire Coordinates», na ubofye mchoro wa mpima. Tangu wakati huo modeli ya msanifu inajua iko wapi duniani na kaskazini halisi iko upande gani, bila jengo lenyewe kusogea hata milimita moja. Ili kuthibitisha, tumia lebo ya «Spot Coordinate» juu ya bikoni moja. Namba itakayosomeka lazima ilingane na ile ya mpima.

Kazi hii hufanywa na mtu mmoja tu, mara moja tu. Wahandisi hawachukui koordineti kwa mpima. Wanazichukua kwa msanifu, kwa kuunganisha modeli yake na kutumia amri hiyo hiyo ya «Acquire Coordinates» juu yake.

Hatua ya pili: kuingiza linki

Kwenye kichupo cha «Insert» bofya «Link Revit», chagua faili, na kabla ya kubofya kitufe cha kufungua tazama sehemu ya chini ya kidirisha palipoandikwa «Positioning». Kwa linki ya kwanza kati ya ofisi mbili chagua «Auto - Internal Origin to Internal Origin». Kwa linki zinazofuata, koordineti zikishashirikishwa, unaweza kutumia «Auto - By Shared Coordinates». Kitovu kwa kitovu, «Center to Center», isitumike kwa modeli za jengo, nami nina sababu ya kusema hivyo.

Katika mradi mmoja wa hosteli ya ghorofa tatu, modeli yangu ilikuwa na kibaraza cha mita 2.4 upande wa mashariki ambacho injinia hakuwa nacho kwenye yake. Aliunganisha modeli yangu kitovu kwa kitovu, na kwa kuwa programu hutafuta kitovu cha kila modeli kulingana na ukubwa wake, jengo langu likatua mita 1.2 pembeni ya lake. Aliliona, akalisogeza kwa mkono hadi gridi zikaonekana zimekaa pamoja, akaendelea na kazi. Kwenye skrini, jengo zima likionekana, zilikuwa zimekaa pamoja kweli. Ila palibaki milimita 18. Nguzo alizipanga kwa gridi zake mwenyewe. Ukuta wa zege wa ngazi akaufuatisha juu ya mstari wa modeli yangu. Simu ilitoka saiti siku moja kabla ya kumwaga zege la msingi wa ngazi: «Msanifu, kutoka gridi C hadi uso wa ukuta wa ngazi mchoro wako unasema 1,500, wa injinia unasema 1,482. Nifuate upi?» Ninamshukuru yule fundi mkuu hadi leo kwa kulinganisha michoro miwili ambayo sisi wenyewe hatukuilinganisha.

Tangu hapo kila linki inayoingia ofisini kwetu hupita kipimo kimoja kabla ya mtu yeyote kuchora juu yake. Tunafungua mchoro wa sakafu ya chini, tunavuta karibu makutano ya gridi A na 1 mpaka yajaze skrini, tunapima kati ya mstari wetu na wa mgeni. Jibu lazima liwe sifuri, si karibu na sifuri. Halafu tunafanya vivyo hivyo kwenye kona iliyo mbali kuliko zote, kwa sababu modeli iliyozunguka kidogo inaweza kulingana kwenye kona moja na kuachana kwenye nyingine. Na mwisho tunafungua mchoro wa kata kupima leveli, yaani vimo vya sakafu.

Linki ikishathibitishwa, ichague na uibane kwa pini. Pia zima uwezo wa kuchagua linki kwa kitufe kidogo cha «Select Links» kilicho pembe ya chini kulia, ili kipanya kisiiburute bila wewe kujua.

Kwenye «Manage Links» kuna mambo mawili ya kupanga mara moja. Njia ya faili iwe «Relative», ili folda nzima ikihamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine linki zisipotee. Na aina ya rejea iwe «Overlay», isipokuwa una sababu maalumu. Chini ya «Attachment» linki husafiri na mwenyeji wake: mhandisi wa huduma akiunganisha modeli yako ambayo ndani yake umeambatisha ya injinia, naye ataipata ya injinia, na kama alikuwa ameshaiunganisha mwenyewe atakuwa nazo mbili, moja juu ya nyingine.

Hatua ya tatu: seti za kazi

Kama ofisi yako ina watu zaidi ya mmoja kwenye faili moja, bila shaka mmeshagawa kazi kwa «Worksets», mafungu ya vitu ndani ya faili yanayoweza kufunguliwa au kufungwa. Kila linki ipewe seti yake. Faida yake huonekana kompyuta inapokuwa na kumbukumbu ndogo: anayechora vyoo leo anaweza kufungua faili huku akiwa amefunga seti ya mabomba ya hewa, na faili likafunguka upesi. Zingatia tu kwamba linki ina seti mbili, ya nakala iliyoko kwenye mchoro na ya aina yake, ambayo huonekana unapobofya «Edit Type». Zikitofautiana, utafunga seti moja ukidhani umeiondoa linki nzima, kumbe bado inapakiwa.

Hatua ya nne: kunakili gridi na leveli kwa uangalizi

Injinia anahitaji gridi na leveli zake mwenyewe ili aweze kuweka nguzo na kuandika vipimo, lakini zinapaswa kufuata za msanifu. Amri ya «Copy/Monitor» kwenye kichupo cha «Collaborate» ndiyo inayofanya kazi hiyo. Chagua «Select Link», bofya modeli ya msanifu, kisha chagua «Copy» na uteue gridi na leveli unazozitaka. Kabla ya kunakili leveli fungua «Options», kwa sababu hapo ndipo unapoeleza tofauti kati ya uso wa sakafu iliyomaliziwa na uso wa zege. Ikiwa saruji ya kusawazisha na vigae ni milimita 50 kwa jumla, leveli za injinia zinakiliwe zikiwa milimita 50 chini. Amri hii inaweza pia kunakili kuta, nguzo na sakafu, ila ushauri wangu ni kuishia kwenye gridi na leveli. Vingine vikinakiliwa, mpaka wa nani anamiliki nini unafutika polepole.

Siku msanifu atakapopandisha leveli ya ghorofa ya pili kwa milimita 100, injinia akipakia upya linki atapata onyo kwamba kuna jambo la kupitia. Aende kwenye «Coordination Review», aisome orodha, na kwa kila badiliko achague la kufanya. Hapa pana mtego wa maneno: «Accept difference» haileti badiliko kwenye modeli yako, bali inaiambia programu kwamba tofauti imekubalika na isikumbushwe tena. Anayetaka leveli yake ifuate ya msanifu achague kuirekebisha. Nimekuta modeli ambayo injinia wake alikuwa «amekubali» kila kitu kwa nia njema kabisa, na hakuna hata leveli moja iliyokuwa imesogea.

Hatua ya tano: nini kionekane

Fungua mipangilio ya mwonekano kwa kubonyeza V mara mbili, nenda kwenye «Revit Links». Linki inaweza kuonekana kwa kufuata mwenyeji, kwa kufuata mchoro ulioandaliwa ndani ya linki yenyewe, au kwa mpangilio wako maalumu. Kwa michoro ya msanifu tunaacha ifuate mwenyeji. Kwa mhandisi wa huduma tunaiwekea rangi hafifu ili mabomba yake yasomeke juu ya kuta. Mpangilio huo uhifadhiwe kwenye kiolezo cha mchoro, usirudiwe kila ukurasa.

Jambo moja linawakwamisha wahandisi wa huduma: wanajaribu kuweka nafasi za kukokotoa joto na programu inadai hazijazingirwa na kuta. Chagua linki ya msanifu, bofya «Edit Type», weka alama kwenye «Room Bounding». Tangu hapo kuta za mgeni zinatambulika kama mipaka ya vyumba.

Hatua ya sita: kutafuta migongano

«Interference Check» hulinganisha vitu vya faili lako na vya linki moja. Haiwezi kulinganisha linki mbili zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo msanifu hawezi kukaa kwenye faili lake akatafuta mahali bomba la hewa linapogonga bimu. Kazi hiyo ni ya mhandisi wa huduma akiwa ameunganisha modeli ya injinia, au ya mtu mwenye programu ya kukusanya modeli zote kama Navisworks.

Usitafute kila kitu dhidi ya kila kitu. Utapata orodha ndefu ambayo hakuna atakayeisoma. Anza na mabomba ya hewa dhidi ya bimu kwenye korido, kwa sababu hapo ndipo nafasi inapobana. Fanya hesabu hii mwenyewe: sakafu hadi sakafu ni 3,200, umaliziaji 50, bimu yenye kina cha 600 pamoja na slabu, chini ya bimu unabaki na 2,550. Bomba la hewa la 300 likipita chini yake linakupeleka 2,250, na fremu ya dari ya 50 inakufikisha 2,200, wakati msanifu aliahidi dari ya 2,400. Milimita 200 zinazopungua hazitapatikana kwa kubana vipimo kwenye skrini. Ama bomba lipitishiwe vyumbani, ama bimu itobolewe, na kuitoboa ni uamuzi wa injinia peke yake baada ya hesabu zake. Hifadhi ripoti kwa kitufe cha «Export». Kila mgongano una namba ya kipande husika, na mwenzako ataitumia kukipata kwenye faili lake.

Hatua ya saba: kutuma na kupokea

Tulipanga siku moja kwa wiki, Alhamisi jioni, na tukagundua kwamba inatosha. Anayetuma hutengeneza nakala iliyotenganishwa na faili kuu, huondoa linki za wengine, husafisha vitu visivyotumika kwa «Purge Unused», huhifadhi kwa jina lile lile lisilobadilika, kisha huandika mistari michache ya kueleza nini kimebadilika. Mistari hiyo ina thamani kubwa: «Bimu za gridi 3 zimeongezwa kina kutoka 500 hadi 600» humwokolea mpokeaji nusu siku ya kutafuta.

Anayepokea huhamisha faili la zamani kwenye folda ya kumbukumbu, huweka jipya mahali pake, na hubofya «Reload» kwenye «Manage Links». Akitaka kulifungua faili la mgeni lenyewe ili alitazame, afungue Revit ya pili kando, kwa kuwa faili hilo likifunguliwa ndani ya programu ile ile iliyomfungua mwenyeji, linki yake huondolewa kwa mwenyeji.

Ikiwa mwenzenu anatumia programu nyingine, mathalani Tekla au Archicad, atawatumia faili la IFC, muundo wa wazi uliosajiliwa kama kiwango cha kimataifa ISO 16739. Tumieni «Link IFC», si kulifungua moja kwa moja. Revit itatengeneza faili la ziada kando ya lile la IFC. Msilifute, na msilihamishe peke yake. Kipimo cha makutano ya gridi A na 1 kifanywe kwa uangalifu zaidi hapa.

Siku ya kutoa michoro ya zabuni, nakili folda nzima pamoja na linki zote kwenye kumbukumbu, kisha fungua mwenyeji kutoka kwenye nakala hiyo na usome njia zilizoandikwa kwenye «Manage Links». Kama linki yoyote imewekwa kwa njia kamili badala ya «Relative», itakuwa inaelekea kwenye folda ya kazi inayoendelea, na miezi mitatu baadaye mkandarasi akiuliza bimu ilikuwa na kina gani siku ya zabuni, nakala yako itamwonyesha ya leo.